Nahofia kutokubalika nikijiunga na sororiti chuoni Marekani: wenye uzoefu naomba mwongozo

BintiTanga (mwanzisha uzi)

Shikamooni wakubwa zangu, na wa rika langu nawasalimu. Ninamalizia mwaka wa kwanza katika chuo kikuu cha umma kilichoko kusini mwa Marekani. Nimetokea Tanga, na niko huku kwa ufadhili unaolipa ada na malazi lakini hauachi kitu cha maana mfukoni. Msichana ninayeishi naye chumba kimoja bwenini ameamua kwamba Agosti, kabla masomo hayajaanza, ataingia kwenye usajili wa sororiti, yaani vile vyama vya wasichana vinavyojiita kwa herufi za Kigiriki, na ananisihi tuingie pamoja.

Nisiwafiche, natamani. Chuo kina makumi ya maelfu ya wanafunzi, na mtu anaweza kumaliza wiki nzima akisalimiana na watu bila hata mmoja wao kumuuliza kama amekula. Wasichana walio kwenye vyama hivyo wanaonekana wana watu wao: wanakaa meza moja wakati wa chakula, wanakesha pamoja maktaba siku za mitihani, na mmoja akiugua kuna anayempelekea supu. Hicho ndicho ninachokitaka, wala si mavazi wala picha.

Lakini kila nikiifikiria siku yenyewe moyo unanienda mbio. Ninavaa hijabu. Kiingereza changu hakina shida darasani, ila wenzangu wakianza kutaniana kwa kasi mimi huelewa utani wakati wao wameshahamia jambo jingine. Sijui mama wa nani alikuwa chama gani, sijui kambi za likizo walizokwenda utotoni, na sina nguo za kubadilisha kila siku kwa wiki nzima. Naogopa kukataliwa huku rafiki yangu akikubaliwa. Naogopa zaidi kukubaliwa kwa ajili ya kupendezesha picha zao. Na kuna usiku naogopa kwamba nitakubaliwa vizuri kabisa, halafu niwe mtu ambaye mama yangu hatamtambua nikirudi likizo.

Naomba waliopitia waniambie ukweli, hata ukiwa mchungu.

DadaOhio

Marahaba, mdogo wangu. Nilijiunga na mojawapo ya vyama vilivyo chini ya Baraza la Kitaifa la Panhellenic nilipokuwa nikisoma Ohio, na baadaye nikawa mshauri wa watahiniwa, yaani mwanachama anayejitenga na chama chake kwa muda wote wa usajili ili awaongoze wasichana wapya bila kuwavutia upande wake. Kwa hiyo mchujo huu nimeuona kutoka nje na kutoka ndani. Nitakueleza jinsi unavyoendeshwa, kwa sababu naamini sehemu kubwa ya hofu yako inatokana na kudhani kwamba matokeo yake ni hukumu juu ya nafsi yako, na sivyo.

Baraza hilo lilianzishwa Chicago mwaka 1902, na vyama vyake vingine vina umri mkubwa kuliko hilo lenyewe: Pi Beta Phi ilianza mwaka 1867 na Kappa Kappa Gamma mwaka 1870, vyote viwili katika Chuo cha Monmouth, Illinois, enzi ambazo msichana kuketi darasa moja na wavulana lilikuwa jambo la kubishaniwa. Nayataja haya ili ujue kwamba vilianzishwa na wasichana waliokuwa wachache na wapweke vyuoni mwao, wakitafuta kile kile unachokitafuta wewe leo. Kwamba baadaye vingi viliwafungia wengine mlango ni kweli pia, na nitalifikia hilo.

Usajili rasmi huenda kwa raundi. Siku za mwanzo utapita karibu nyumba zote. Mlango unafunguliwa, wasichana wamejipanga wakipiga makofi na kuimba, mmoja anakushika mkono anakupeleka pembeni; mnazungumza dakika chache, anakuja mwingine kupokea, kisha wa tatu, na kabla hujatulia muda umekwisha na uko nje juani na kundi lako. Kupokezana huko kumepangwa kwenye karatasi siku nyingi kabla. Kila mwanachama anajua atampokea nani na atamkabidhi kwa nani, na mkishatoka kila aliyezungumza nawe huingiza maoni au alama zake. Raundi zinazofuata nyumba hupungua na mazungumzo hurefuka: kuna ya kuelezea kazi za hisani, kuna ya kuelezea maisha ya udada wao, hadi raundi ya mwisho ambapo unabaki na nyumba mbili hivi, taa zinapunguzwa, na mwanachama mmoja anakaa nawe hadi mwisho wa shughuli.

Kila raundi ikiisha, pande zote mbili zinachagua. Wewe unapanga nyumba kwa jinsi ulivyozipenda, nao wanapanga majina ya watahiniwa. Sasa lipo jambo ambalo wasichana wengi hawaambiwi, au wanaambiwa wakiwa na wasiwasi mwingi hata hawasikii: idadi ya watahiniwa ambao chama kinaruhusiwa kuwaalika tena haiamuliwi na chama chenyewe. Kwa zaidi ya miaka ishirini Baraza limetumia hesabu inayoangalia rekodi ya kila chama katika miaka ya karibuni. Chama ambacho karibu kila anayealikwa hukirudia kinalazimika kuwaacha wengi mapema, mara nyingi baada ya raundi ya kwanza tu, ili wasibaki wakitumaini nafasi ambayo haipo. Chama kisichokimbiliwa sana kinaruhusiwa kualika wengi, kwa kuwa inajulikana kwamba baadhi yao hawatarudi. Mwishoni kuna kiwango, yaani idadi ya wanachama wapya ambayo kila chama hukipata sawa na wenzake, na kiwango hicho kinatokana na watahiniwa waliobaki kugawanywa kwa idadi ya vyama.

Tafakari maana yake. Msichana anaweza kuzungumza vizuri, akacheka na wenyeji wake, akapendwa na wote watatu waliompokea, kisha asubuhi akafungua ratiba na kukuta nyumba ile haimo, kwa sababu chama kilitakiwa kupunguza mamia ya majina kwa usiku mmoja. Na wanaopunguza mamia ya majina kwa usiku mmoja hawana muda wa kupima utu wa mtu. Wanaanza na alama za masomo zilizo chini ya kiwango chao, kisha wanawashikilia wale ambao tayari wanajulikana kwa mwanachama fulani, waliosoma naye sekondari au waliokaa naye mtaa mmoja. Nimewabembeleza wasichana wakilia ngazini asubuhi ya namna hiyo, kila mmoja akitafuta kosa lake: nywele, viatu, jibu alilotoa alipoulizwa kuhusu kwao. Nilikuwa najua kwamba kwa wengi wao kosa halikuwepo.

Wewe unaingia na mambo mawili yanayokupunguzia nafasi na ambayo hayahusiani kabisa na lafudhi yako. Hujulikani na mtu ndani ya nyumba hizo, na utakuwa mwaka wa pili. Katika vyuo vingi vya kusini vyama hupendelea wa mwaka wa kwanza, kwa kuwa watakaa miaka minne wakilipa michango. Ukiachwa, liweke hilo mbele ya macho yako kabla hujaanza kuilaumu hijabu.

Hata hivyo sitakudanganya kwamba upendeleo wa rangi ni hadithi. Mwaka 2013 gazeti la wanafunzi la Chuo Kikuu cha Alabama, The Crimson White, liliandika kwamba msichana mweusi mwenye sifa za juu kimasomo aliachwa na vyama vya jadi vya wazungu baada ya wanachama wa zamani kuingilia kati, ilhali baadhi ya wasichana waliokuwa chuoni walitaka apokelewe. Wanafunzi na wahadhiri waliandamana, na uongozi wa chuo ukaagiza nafasi zifunguliwe upya. Ni chuo hicho hicho ambacho video za usajili wake zilienea duniani kupitia TikTok mwezi Agosti 2021, na kila mwaka wasichana zaidi ya 2,000 hujitokeza. Mambo yamebadilika tangu 2013, lakini si kwa kasi moja kila mahali, na nyumba mbili zilizo mtaa mmoja zinaweza kuwa tofauti kabisa. Kwa hiyo usiulize kama sororiti zina ubaguzi. Uliza nyumba hii, mwaka huu, ina nani ndani yake, na hao wakoje wanapokuwa hawana mgeni.

Na hili unaweza kulijua kabla ya Agosti. Angalia wasichana hao maktaba, kwenye foleni ya chakula, kwenye maabara. Msikilize mmoja wao akizungumza na mhudumu wa mgahawa. Mwombe mmoja mkanywe kahawa wakati huu ambapo usajili haujaanza, maana ukishaanza kuna sheria za kutowasiliana nje ya utaratibu.

La mwisho kwa leo ni karatasi. Baada ya raundi ya mwisho utatia saini makubaliano ukiorodhesha vyama ambavyo uko tayari kujiunga navyo. Ukialikwa na chama ulichokiandika kisha ukakataa, umefungwa: huwezi kujiunga na chama kingine cha Panhellenic katika chuo hicho hadi usajili rasmi wa mwaka unaofuata. Usiandike jina la chama ambacho hukitaki kwa sababu tu mshauri amekuambia upanue nafasi zako. Ushauri huo una faida yake, kwani vyuo vingi humhakikishia nafasi anayeorodhesha nyumba zote alizofikia mwisho, lakini faida hiyo ni ya anayeweza kuishi kwa furaha katika yoyote kati yake.

ShangaziHouston

Mwanangu BintiTanga, marahaba. Dada hapo juu amesema vizuri, ila ameuzungumzia upande mmoja wa uwanja. Nashangaa hakuna aliyekutajia vyama vya wanawake weusi, maana kwa msichana kutoka Afrika ndivyo ambavyo wengi wetu huviona kwanza, na hofu ya kutokubalika huko ina sura nyingine kabisa.

Mwaka 1908 wanafunzi wa kike wa Chuo Kikuu cha Howard, mjini Washington, walianzisha Alpha Kappa Alpha, na mwaka 1913 wengine wakaanzisha Delta Sigma Theta pale pale. Zeta Phi Beta ikafuata mwaka 1920, pia Howard, na Sigma Gamma Rho ikaanzishwa Indianapolis mwaka 1922. Mwaka 1930 liliundwa baraza lao, ambalo leo lina vyama tisa vya wanawake na wanaume. Hawa hawakukutana kwa ajili ya karamu. Delta walikuwa hawajatimiza miezi miwili walipoandamana Washington, tarehe 3 Machi 1913, kudai haki ya wanawake kupiga kura, na kuanzia mwaka 1935 hadi 1942 Alpha Kappa Alpha waliendesha mradi wa afya vijijini Mississippi, wakipeleka madaktari na wauguzi kwa familia za wakulima maskini ambazo hazikuwa na kliniki. Kamala Harris ni mwanachama wa chama hicho tangu alipokuwa Howard.

Mimi nilijiunga nikiwa mtu mzima, kupitia tawi la wahitimu, kwa hiyo nakuambia kwa uhakika kwamba nafasi haiishi ukimaliza chuo. Kwa wamarekani weusi uanachama ni wa maisha, nao hauwi hai kwa jina tu. Wanawake wa miaka sabini wanahudhuria mikutano, wanalipa michango, wanachangisha karo za watoto wa watu. Nilipofiwa na mama yangu nyumbani, waliokuja mlangoni kwangu na sufuria za chakula, wakakaa hadi usiku, walikuwa hao.

Kwetu pwani mambo haya si mageni kiasi hicho. Bibi zetu wa Mombasa na Lamu walikuwa na vyama vya lelemama, vyenye sare, vyeo, michango, na ushindani mkali baina ya chama na chama, na mwanamke aliyefiwa au aliyeozesha alijua ni kina nani watafika kwanza. Ukiliweka jambo hili hivyo, utaona kwamba unachokitamani hakikuanza kwenye video za Agosti, na hakuna sababu ya kukionea haya.

Lakini taratibu ni tofauti na alizokueleza Dada. Hakuna wiki moja ya Agosti ya kupita nyumba kwa nyumba. Kila tawi hupokea wanachama kwa wakati wake, na lipo linaloweza kupitisha mwaka bila kupokea mtu. Mara nyingi utatakiwa uwe umeshamaliza muhula mmoja au zaidi, wenye alama zinazotosha, uwe na kumbukumbu ya kazi za kujitolea, na uwe na barua za mapendekezo. Na kuna adabu yake. Usitangaze mitandaoni kwamba unataka chama fulani, usivae rangi na herufi zao, usiige alama zao za mikono wala miito yao. Anayependa hunyamaza, akahudhuria shughuli zao za hadharani, akasaidia kufagia ukumbi baada ya mkutano, akajulikana kwa kazi.

Huko hofu ya rangi hupungua, lakini usidhani utafika ukapumua siku ya kwanza. Wapo Wamarekani weusi watakaokuona mgeni. Kuna mambo ya kanisa, ya familia, ya muziki wa utotoni, ambayo wao wanayacheka pamoja na wewe hutayajua, na wapo pia Waafrika wanaofika huku na dharau dhidi ya Wamarekani weusi, jambo ambalo wenzetu wanalijua na wanalipima kimya kimya. Ukienda, nenda kama mwanafunzi wa historia yao, usiende kama mtu aliyekosa nafasi kwa wazungu akaja kwao kujifuta machozi. Watalitambua.

Na ujue hili kabla ya kusaini chochote Agosti: ukishaapishwa katika sororiti moja, kwa kawaida hupokelewi tena katika nyingine. Mlango utakaouingia kwa kumfuata mwenzako wa chumbani ni mlango unaofunga mingine.

BabaWaMabinti

Salaam. Nitasema machache kuhusu fedha, kwa kuwa hofu ya kutofanana na wenzako mara nyingi huanzia hapo ingawa watu huona aibu kuitaja.

Kuna ada ya kujiandikisha kwenye usajili, ambayo kwa kawaida hairudishwi hata ukiachwa. Ukikubaliwa kuna ada ya mwanachama mpya, ada ya kuapishwa, beji, na michango ya kila muhula. Palipo na nyumba ya chama kuna gharama za nyumba, na vyama vingi vinataka mwanachama akae humo au alipie chakula humo kwa kipindi fulani. Jumla inaanzia mamia ya dola kwa muhula na katika vyuo vingine hufika maelfu. Huko kwenye vyama alivyotaja Shangazi, ada ya kuingia hulipwa kwa pamoja na inaweza kuwa mzigo mkubwa kwa mwanafunzi kwa mara moja. Halafu kuna fulana za kila shughuli, zawadi kwa wadogo wako ndani ya chama, nauli, na faini ya kukosa mikutano.

Binti yangu, kama uko hapa kwa viza ya mwanafunzi ya F-1, unaruhusiwa kufanya kazi ndani ya chuo kwa saa zisizozidi 20 kwa wiki wakati masomo yakiendelea. Usiruhusu mtu akushawishi kwamba utazipata hizo fedha kwa kazi ya nje isiyo na kibali. Omba kila chama kikupe makadirio ya gharama kwa maandishi, ya mwaka wa kwanza na ya miaka inayofuata, na uulize kama kuna mpango wa kulipa kidogo kidogo au msaada kwa wasiojiweza. Vipo vyenye misaada hiyo. Chama kitakachokwepa swali hili kimeshakujibu.

BintiTanga

Nawashukuru sana, Dada, Shangazi na Baba. Maelezo ya ile hesabu nimeyasoma zaidi ya mara moja, na nimemsomea mwenzangu wa chumbani kwa tafsiri. Naye hakuwa akijua, ingawa mama yake alikuwa mwanachama.

Nimeanza kuona kwamba nilikuwa nikijiuliza tu kama watanipenda, wala sikujiuliza kama mimi nitawapenda. Ila nina maswali bado. Kwanza hijabu na mambo ya pombe: je, nitalazimika kukaa kwenye karamu nisizozitaka ili nionekane mwenzao? Halafu manyanyaso wanayofanyiwa wanachama wapya. Nyumbani kaka zangu wamenitumia habari za wanafunzi waliokufa kwa kulazimishwa kunywa, na mama hajalala vizuri tangu wamwonyeshe. Na Shangazi, barua za mapendekezo mtu kama mimi anazipata kwa nani?

DadaOhio

Mdogo wangu, kuhusu pombe, nyumba za vyama vya Panhellenic kwa kawaida haziruhusu pombe ndani. Karamu zenye pombe hufanyikia kwenye nyumba za vyama vya wanaume au kumbi za kukodi. Kwa hiyo inawezekana kuwa mwanachama mwaminifu na usiguse kileo, na ninawajua waliofanya hivyo wakiwa Wakristo wa dhehebu linalokataza, wakaheshimiwa. Ugumu unakuja pale ambapo urafiki wote wa chama unatengenezwa kwenye karamu hizo: anayekosa Ijumaa anakosa vichekesho vya Jumatatu, na taratibu anajikuta mwanachama kwa risiti za michango tu. Hilo linatofautiana kati ya tawi na tawi. Katika raundi, muulize anayekupokea, mara ya mwisho alipokaa na dada zake wakafurahi walikuwa wapi. Usimuulize kama chama kina karamu nyingi, kwa sababu jibu la hilo wamelifanyia mazoezi. Wakikueleza habari tatu na zote zinaishia kwenye nyumba ya wavulana, umepata unachokitafuta. Wakikueleza usiku waliompeleka mwenzao hospitali, au jinsi walivyosoma pamoja hadi mmoja akaiva kwenye somo lililomshinda, basi baki, endelea kuuliza.

Hijabu usiieleze kabla ya kuulizwa, wala usiifanyie mzaha ili kuwaondolea wao wasiwasi. Atakayeuliza kwa heshima mjibu kwa heshima. Uliza pia kwa uwazi: sare za picha zikiwa za mikono mifupi, mwanachama anayejisitiri hufanyaje? Tazama uso wa anayejibu kuliko maneno yake. Kama mazingira ya dini ni jambo zito kwako, ujue pia kwamba viko vyama vya mwelekeo mwingine. Mu Sigma Upsilon ilianzishwa Rutgers mwaka 1981 ikiwa ya wasichana wa tamaduni mchanganyiko, na Mu Delta Alpha ilianzishwa Texas mwaka 2016 na wasichana wa Kiislamu. Havipo kila chuo. Waulize ofisi inayosimamia vyama chuoni kwenu ni vipi vilivyopo.

Kuhusu manyanyaso, mama yako ana haki ya kukosa usingizi, na usimjibu kwamba hayo ni ya wavulana peke yao. Vyama vyote vya kitaifa vinayakataza, majimbo mengi yana sheria dhidi yake, na Desemba 2024 serikali ya Marekani ilipitisha sheria ya kitaifa inayovitaka vyuo kutoa takwimu za matukio hayo na kuchapisha ripoti ya vyama vilivyopatikana na hatia. Kwa hiyo tafuta ripoti ya chuo chako na uisome jina kwa jina kabla hujamfungulia mtu moyo. Kisha ujue dalili. Ukiambiwa usimwambie mtu ulikokuwa, ukiambiwa uache simu, ukinyimwa usingizi, ukiagizwa kununulia watu vitu au kuvaa namna moja na wenzako wapya nje ya ratiba iliyochapishwa, umeshaingia humo, hata kama wanaofanya hivyo wanatabasamu na kukuita dada. Msichana anayeogopa kutokubalika ndiye huvumilia zaidi, na wao wanamjua kwa kumtazama. Ndiyo maana nakusihi usiingie na kiu isiyo na mbadala. Jiunge kwanza na umoja wa wanafunzi wa Kiafrika, jumuiya ya wanafunzi Waislamu, au kikundi cha fani yako, ili siku ukihitaji kusema hapana uwe na pengine pa kwenda kula chakula cha jioni.

ShangaziHouston

Nikuongezee kwa upande wetu, kwa sababu hapo Dada amegusa palipo na kidonda. Vyama vya baraza letu vilifuta rasmi mwaka 1990 ule utaratibu wa zamani wa kuwaweka wapya chini ya mafunzo marefu ya mateso, lakini yapo matawi ambako mambo yaliendelea kwa siri, na wapo wanachama ambao hadi leo humdharau aliyeingia kwa njia ya karatasi peke yake. Utaambiwa kwamba bila kuumia hutaheshimiwa. Mimi sikupigwa, sikukeshwa, na kwenye tawi langu nimeshika nafasi ya mweka hazina. Anayekutaka uumie ili akuheshimu hana heshima ya kukupa, na jina lake lipeleke ofisi ya mkuu wa wanafunzi siku hiyo hiyo.

Barua za mapendekezo haziandikwi na mtu usiyemjua. Kwa upande wa Panhellenic vyama kadhaa vimeacha kuzidai miaka ya karibuni, kwa hiyo soma masharti ya kila kimoja. Kwa upande wetu bado zina uzito, na baadhi zinatakiwa zitoke kwa mwanachama hai. Huna mama aliye mwanachama, lakini una mwaka mzima mbele yako. Tafuta tawi la wahitimu la mji wenu. Linaendesha madarasa ya ziada kwa watoto, ugawaji wa chakula, uandikishaji wa wapiga kura, ambako wewe usiye raia huwezi kupiga kura ila maji na viti unaweza kubeba. Nenda mara kwa mara bila kutaja nia yako. Wanawake wale wana macho. Baada ya muda mmoja atakuuliza wewe ni mtoto wa nani na umetoka wapi, na hapo mazungumzo yameanza.

Kuhusu Agosti, nakushauri usiingie kwa ajili ya mwenzako wa chumbani. Ukiamua kuingia, lipa ada kwa fedha ambayo ukiipoteza haitakuumiza, ingia na majina ya nyumba ambazo umekwisha kuziona zikiishi, na saini kwa zile tu. Usipoingia, msindikize rafiki yako siku ya kwanza na siku ya majibu, kwani naye anaogopa kuliko anavyokuambia, na mama aliyekuwa mwanachama humwongezea mtoto hofu.

BintiTanga

Nimezungumza naye jana usiku. Kweli anaogopa, hasa kuachwa na nyumba ya mama yake. Nimeamua kwamba Agosti hii sitaingia kwenye usajili. Nitakuwa naye siku hizo, na muhula ujao nitaanza kuhudhuria shughuli za tawi la wahitimu hapa mjini, wana zoezi la kufundisha hesabu watoto wa shule ya msingi kila Jumamosi na wanahitaji wakufunzi. Fomu ya kujitolea inataka kipimo cha kifua kikuu na uchunguzi wa rekodi ya polisi. Kwa mwenye viza ya mwanafunzi, uchunguzi huo hufanywa na chuo au ninakwenda mwenyewe?

BabaWaMabinti

Waulize wenye programu kwanza, mara nyingi wao ndio huuagiza na kuulipia. Kipimo cha kifua kikuu hufanyika kwenye zahanati ya chuo. Kama ulichanjwa BCG utotoni waambie mapema na uombe kipimo cha damu, kwa sababu kile cha ngozi kinaweza kuonyesha majibu yasiyo sahihi kwa watu tuliochanjwa.